Miti ya makaburini nayo ina majina

Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, nilienda makaburini na reki, panga na ndoo ya maji kama tunavyofanyaga kila mwaka, nikafika kaburi la mama halionekani. Sio kwamba limemezwa na majani, hapana, majani nilikuwa nimeshafyeka wiki mbili nyuma. Lilikuwa limefunikwa na maua ya jakaranda, zambarau tupu kuanzia msalabani mpaka miguuni. Mliowahi kuishi Iringa mnajua mwezi wa kumi na wa kumi na moja hali inavyokuwaga, unayakanyaga barabarani, yanaingia kwenye bajaji, yanaganda kwenye viatu vya watoto wa shule. Nikaanza kuyakokota na reki afu nikaacha. Nikakaa kwenye ukingo wa kaburi la jirani nikaangalia juu, nikajiuliza kitu ambacho kwa miaka kumi na moja ninayokuja pale sikuwahi kujiuliza: huu mti nani aliupanda?

Kuna mzee anatunza yale makaburi, yuko pale tangu mimi nasoma sekondari. Nikamfuata.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu, kamwene. Umekuja kwa mama?"

"Ndiyo babu. Nilitaka kuuliza, hii jakaranda ilipandwa lini?"

Akasema yeye kaikuta, na aliyemwachia kazi naye aliikuta, tena kubwa hivohivo. Afu akaingia kwenye kibanda chake akatoka na daftari lake, counter book ile nene, kaifunika na gazeti, akanionesha. Kila aliyezikwa pale tangu yeye ameanza kazi yumo, jina, tarehe, mstari wa ngapi, kaburi la ngapi. Jina la mama nililiona, kwa mwandiko wake, nikanyamaza kidogo. Nikamuuliza, na miti je babu, miti imeandikwa wapi? Akasema, "Mti nani anauandika, mti upo tu."

Wiki saba sasa natembea na hilo neno. Upo tu. Na kwakweli ndo tunavyoiona miti ya makaburini, ipo tu, kama ukuta, kama geti. Tunakaa kivulini mwake padri akisoma, tunaegemea shina lake tukilia, tunafunga turubai kwenye matawi yake mvua ikinyesha katikati ya mazishi, afu tunaondoka hatujui hata unaitwaje.

Kwahiyo nikaanza kuandika. Jumamosi iliyofuata nilirudi na daftari langu na ile futi ya fundi cherehani, nikazunguka mti kwa mti, nikapima unene wa shina pale usawa wa kifua, nikapiga picha jani, ganda na ua kama lipo. Nilipata miti 34 ukiacha michongoma ya uzio. Jakaranda tisa, mikaratusi saba, grevilea sita, saipresi tano zilizo hai na visiki vitatu, misonobari minne, mwarobaini mmoja mdogo unaohangaika na baridi yetu, mparachichi mmoja ambao nadhani mtu alitupa kokwa baada ya kula, na mmoja wa mwisho kabisa kule kona ya bondeni ambao nitauongelea baadae.

Nilipomaliza nikakaa na ile orodha nikaona kitu. Karibu miti yote ile ni mgeni. Jakaranda kwao ni Amerika ya Kusini, huko Argentina na Bolivia. Mkaratusi na grevilea ni Australia. Saipresi tuliyonayo huku nyanda za juu kwao ni Mexico na nchi za jirani yake, ingawa jina lake la kisayansi linaitaja Ureno, kwa sababu Wazungu waliikuta imeshapandwa huko Ureno wakadhani ndo kwao. Hata yale misonobari, ndugu zake ndo wale wamejaa Sao Hill kule Mufindi, ni mti wa Mexico. Yani ukisimama getini ukaangalia juu unaona nchi za watu, ukiangalia chini unaona majina yetu.

Sisemi ni vibaya. Jakaranda haitoi mbao ya maana, haina tunda la kula, kuni zake mama zetu hawazipendi. Aliyeipanda makaburini alitaka kitu kimoja tu, watu wapate kitu kizuri cha kuangalia wakiwa na huzuni, na mimi namshukuru huyo mtu nisiyemjua, kwa sababu mwaka ule tunamzika mama ilikuwa Oktoba na kitu pekee nilichokiona vizuri siku ile, kingine chote kama ukungu, ni yale maua yanavyodondoka kwenye jeneza moja moja. Mpaka leo nikiyaona nasikia wimbo wa siku ile.

Mkaratusi ni habari nyingine. Wale saba wa pale ni manyangumi, mkubwa kuliko wote nimeupima shina lake mita tatu na robo kwa mzunguko. Unajua mkaratusi ukiukata unachipua tena, kisiki kimoja kinatoa machipukizi matano, sita. Saipresi haichipui. Ukiikata imekwisha. Nimesoma kwamba ndo sababu mojawapo Warumi wa kale waliufanya mti wa aina hiyo, yule wa kwao wa Mediterania, kuwa mti wa msiba, wakaupanda makaburini, Waturuki nao wakaupanda kwenye makaburi ya Waislamu, na baadae Wazungu wakatembea na hayo mazoea mpaka huku kwetu, ila wakatumia huyu binamu wa Mexico kwa sababu ndo anaikubali hali ya hewa ya milimani. Mti ukisimama wima, mweusimweusi, haupukutishi majani, kweli unafanana na mtu anayesubiri.

Na vile visiki vitatu vya saipresi mzee aliniambia vilikauka "zamani kidogo, vilianza kuwa kahawia toka ndani". Hapo nilishtuka maana najua kilichowaua. Ni vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, walionekana Malawi mwaka 1986 na haikuchukua muda wakawa wamevuka mpaka kuja kwetu na kuendelea Kenya, wakaua saipresi nyingi sana mashambani na kwenye ua za watu. Baba yangu alikuwa na ua wa saipresi kuzunguka nyumba, ninakumbuka ukigeuka rangi, nilikuwa mdogo, tukadhani umekosa maji tukawa tunaumwagilia kila jioni. Kumbe ni vita ile ile iliyokuwa inapiganwa makaburini bila mtu kuiandika.

Sasa ule mti wa mwisho.

Kule kona ya bondeni, nje kidogo ya mistari ya makaburi, kuna mti mnene, mfupi kuliko ile mingine, ganda lake limepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, na upepo ukivuma majani yanageuka yanaonesha upande wa chini ambao ni mweupe wa kijivu, mti mzima unabadilika rangi. Wanyalukolo, watu wa Iringa, mnaujua. Ni msaula. Yale masaula tuliyokuwa tunaokota chini tukiwa wadogo, matunda yenye rangi ya udongo na harufu nzito, nyama yake kidogo na kokwa gumu kama jiwe. Nikamwita mzee, nikamuuliza na huu je? Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayetaja saa:

"Huo haukupandwa mwanangu. Huo uliachwa."

Yani walipokuja kusafisha lile eneo kwa ajili ya makaburi wakang'oa vyote, msaula wakaupita. Hakuna aliyeamrisha, ni basi tu hakuna aliyetaka kuukata.

Hapo ndo nikamkumbuka bibi. Kwa bibi ni upande wa Kilolo, na makaburi ya ukoo wetu kule, ya zamani nazungumzia, kabla ya saruji na marumaru, hayana jiwe lenye jina hata moja. Kuna mawe ya kawaida yamepangwa, kuna kilima kidogo cha udongo ambacho kama hujaoneshwa huwezi kukiona, na kuna msaula. Bibi hakuwahi kusema "kaburi la babu yako". Alikuwa anasema "babu yako yuko pale msaulani". Na mama yake babu yuko pale mkuyuni, karibu na kijito. Ukitaka kwenda kusema na wazee unaenda kwenye mti, pombe inamwagwa chini ya mti, na mtoto akikata tawi la mti ule kwa ajili ya manati anachapwa kama aliyetukana. Nilidhani ni mambo ya bibi tu. Kumbe ndo ilikuwa kumbukumbu yenyewe. Wenzetu waliandika jina kwenye jiwe, sisi tulikuwa tunaliacha kwenye mti, na mtoto anaoneshwa mti, naye anamwonesha mwanae.

Ukianza kuangalia hivo, huku kwetu nyanda za juu kusini makaburi ya kihistoria yapo mengi sana kuliko tunavyohesabu. Njombe kuna msitu wa Nyumbanitu, Wabena wanaujua, jina lenyewe maana yake nyumba nyeusi, msitu mnene unaoheshimiwa kwa ajili ya mizimu ya wazee, huingii kukata fito, na kwa sababu hiyo umebaki msitu wakati vilima vinavyouzunguka vimebaki mashamba. Hakuna askari wa misitu angeweza kufanya kazi hiyo kwa muda wote huo.

Na Mlambalasi. Kama hujawahi kwenda Mlambalasi nenda, acha kuishia Kalenga. Pale Kalenga utaliona fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lililorudishwa na Waingereza mwaka 1954 na utaona makaburi ya familia, pamoja na Chifu Adam Sapi Mkwawa aliyekuwa Spika wa Bunge letu miaka mingi. Lakini mwili wa Mkwawa mwenyewe hauko pale. Uko Mlambalasi, alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 Wajerumani wakimkaribia, wakamkata kichwa wakaondoka nacho. Kuna mnara wa kaburi, kuna jabali kubwa lenye pango, na kuna miombo, ile ya porini kabisa, hakuna aliyeipanda kwa mstari. Nilienda mwaka juzi kiangazi, majani mapya ya miombo yalikuwa yametoka mekundu kabla ya mvua kama yanavyofanyaga, mlima mzima unaonekana kama unawaka, na nikasimama pale nikafikiri huyu mzee kakaa miaka 56 mwili huku kichwa Ulaya, kilichokuwa naye muda wote huo ni hii miti. Kingine ambacho watu wengi hawajui, wanaakiolojia walichimba kwenye pango lilelile wakakuta mifupa ya watu wa kale sana, maelfu ya miaka, Enzi ya Mawe. Pale watu wamekuwa wakizikana tangu kabla hatujawa na jina la kabila.

Sasa turudi mjini. Pale Iringa mjini yapo makaburi ya wanajeshi wa vita, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ukipita nje unaona tofauti hapohapo, nyasi fupi, mawe yamepangwa sawasawa. Ile tume ilianzishwa mwaka 1917 vita ya kwanza ya dunia ikiwa bado inaendelea, na kabla hata haijaanza rasmi, mwaka 1916, walimchukua mtaalamu wa bustani ya Kew ya London, Arthur Hill, aende makaburi ya Ufaransa awashauri wapande nini. Yani risasi zinalia na watu wanajadili maua. Na walifikiria vitu vidogo sana, kwa mfano mimea mifupi inapandwa chini ya jiwe ili mvua ikipiga udongo usirukie kwenye jina la marehemu. Nilipolisoma hilo nilitamani sana na sisi tuwe hivo. Mtu kakaa akafikiria tone la mvua.

Lakini kuna upande mwingine na siwezi kuuruka. Jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lililoingia Iringa tarehe 29 Agosti 1916 lilitokea mpaka wa Nyasaland, Malawi ya leo, likapita Tukuyu, Njombe, mpaka hapa. Ile milima mnaijua. Hakukuwa na lami, hakukuwa na lori la kupanda pale, na mbung'o walikuwa wanaua ng'ombe na farasi. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi lilipanda mlima kichwani mwa mtu. Wapagazi. Lile jina Kariakoo la Dar linatokana na hao, kikosi cha wabebaji, Carrier Corps kwa Kiingereza. Walikufa kwa njaa, kuhara, homa ya mapafu, baridi ya milimani wakiwa na shuka moja. Wamezikwa wapi? Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Ile sanamu ya Askari pale Posta Dar, ya mwaka 1927, ndo iliwekwa kwa ajili ya askari wa Kiafrika na wapagazi, wote kwa mkupuo.

Mkupuo. Mwanajeshi mmoja jiwe moja, wapagazi maelfu kwa maelfu sanamu moja. Siku hizi nikiwa kwenye basi kwenda Mbeya, hapo kati ya Makambako na Igawa, nikiona mti mkubwa umesimama peke yake katikati ya shamba la mahindi na mwenye shamba analima kwa kuuzunguka, siulizi tena kwanini hajaukata.

(Na kwenye barabara hiyohiyo, Ifunda, kuna makaburi ya Wapolandi. Hao walikuja wakimbizi vita ya pili, walitolewa kwao na Warusi wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran, kuanzia 1942 wakaletwa Tanganyika, wengine Tengeru, wengine Ifunda na Kidugala. Wengi waliondoka vita ilipoisha, waliokufa wamebaki na sisi. Ntaandika siku nyingine, inahitaji post yake.)

Kilichonifanya niandike leo na sio mwakani ni jambo lililotokea kijiji kimoja, sitakitaja. Nilienda msibani mwezi huu. Makaburi ya kijiji kile nilikuwa nayajua, yalikuwa na miti mikubwa mpaka mchana panakuwa na giza. Nilipofika nikakuta jua kali na visiki. Imekatwa yote, imepasuliwa mbao hapohapo, vumbi la msumeno bado jekundu juu ya makaburi. Nilimuuliza mama mmoja kulikoni, akasema walikaa kikao wakaona miti ile inakaa bure na pesa inahitajika, na watapanda misonobari, baada ya miaka kumi na tano watavuna tena. Nilikosa la kusema. Mimi ni mtoto wa huku, najua mti ni ada ya shule, najua Mufindi na Njombe watu wamejenga nyumba kwa misonobari na miwati na sasa maparachichi, na sina ubaya na hilo hata kidogo. Baba yangu alinisomesha kwa mbao. Lakini ile haikuwa shamba. Kulikuwa na misaula pale mitatu, na kama ilivyo kwa bibi, naamini kila mmoja ulikuwa na mtu wake. Sasa yule aliyekuwa anajua "babu yuko pale" akirudi kutoka Dar na watoto wake atawaonesha nini? Kisiki, na miaka mitano ijayo hata kisiki hakuna, mchwa wamemaliza.

Iliniuma. Bado inaniuma.

Mdogo wangu wa kiume nilipomsimulia akanitumia picha za makaburi ya Mount Auburn, huko Marekani karibu na Boston. Yalifunguliwa mwaka 1831 na chama cha wakulima wa bustani, kwa sababu viwanja vya makanisa mjini vilikuwa vimejaa mpaka watu wanaogopa magonjwa, daktari mmoja Jacob Bigelow akatoa wazo kwamba waende nje ya mji wazike watu kwenye bustani ya miti. Leo ni ekari 175 na miti maelfu, na kilichonigusa ni kwamba miti ina kibao kidogo cha jina. Watu wanaenda pale kuzika na watu wanaenda pale kusoma miti, shule zinaleta wanafunzi, na hakuna anayeona ni kukosa heshima. Nikasema basi, kibao kidogo cha bati sisi kinatushinda nini?

Nikarudi kwa mzee na hilo wazo. Nilidhani atakataa. Alichosema ni kwamba tusipige misumari kwenye shina, "mti nao unaumia, na kidonda kinaingiza mchwa", tufunge kwa waya uliolegea au tuweke kibao chini kwenye mti mfupi. Fundi bati wa pale sokoni ametukatia vibao 34 kwenye mabaki ya bati, nimeandika kwa rangi ya mafuta, jina la Kiswahili, jina la kienyeji kama lipo, na kwao ni wapi. Wa msaula nimeandika Msaula, kwao ni hapa, uliachwa.

Jirani yangu ambaye ni Mwislamu, mama mtu mzima namheshimu sana, alinikuta naandika vile vibao barazani akauliza nafanya nini, nikamweleza. Akaniambia hata kwao lipo hilo, kwamba Mtume alipita kwenye makaburi mawili, akachukua kuti bichi la mtende akalipasua mara mbili akachomeka moja moja kwenye kila kaburi, akasema huenda wakapunguziwa adhabu muda wote ambao hayajakauka. Akasema "ndo maana kaburi la mume wangu sipendi liwe la saruji tupu, nataka kitu kibichi". Tukakaa kimya, kila mtu na wake.

Sasa nimehamia kwenye miche. Nataka kwenye zile nafasi za saipresi zilizokufa tupande vya kwetu, nimechagua misaula na mikusu, ile miti ya porini inayozaa makusu. Kwa wanaotaka kujaribu niwaambie nilichojifunza maana nimeshaharibu mbegu kadhaa. Mbegu ya mkusu haikai. Ukila makusu ukazianika mbegu ukasema utapanda mwezi ujao, zimekufa. Inabidi uzioshe utelezi na kuzipanda zikiwa mbichi, na udongo wa kwenye viriba usichukue tu wa bustanini, uchanganye na udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa, kwa sababu mizizi ya mkusu inaishi pamoja na uyoga, inalishana, mche usipoupata ule uyoga unadumaa. Ndo maana pia uyoga ule wa njano tunaouziwa barabarani masika unaota kwenye miombo na mikusu na sio kwenye mikaratusi. Mzee aliposikia hilo la udongo alitikisa kichwa, akasema bibi yake alipohama makazi alibeba udongo wa kwao kwenye kibuyu, sisi watoto wa shule tukadhani ni ushirikina.

Msaula ni mgumu zaidi. Kokwa lake ni gumu kweli na lina subira kuliko mimi, linaweza kukaa ardhini miezi mingi kabla halijaonesha chochote, na mengine hayaoti kabisa. Nimepanda ishirini, niliyaokota palepale chini ya ule wa kona, nikayagonga taratibu na nyundo yapate ufa bila kuumiza cha ndani. Nimeweka viriba upande wa nyuma wa nyumba kwenye kivuli cha mgomba, mikusu mstari wa mbele, misaula nyuma. Na mashimo makaburini hatuchimbi karibu na kaburi la mtu, tunaacha mita nne au tano, maana mzizi hauulizi ruhusa.

Kaburi la mama nimeliacha na jakaranda yake. Ndugu zangu walitaka tuweke marumaru juu mwaka huu, tumeongea, tumekubaliana ukingo tu wa saruji na katikati ubaki udongo, nimepanda majani ya mfalme ambayo alikuwa anayapenda mlangoni kwake. Mzee kafungua ukurasa mpya nyuma ya daftari lake, kapiga mstari kwa rula, anataka nimsomee ile orodha yangu ya miti aiandike mwenyewe kwa mkono wake, tumefika mti wa kumi na nne, kwa sababu kila mti anasimama kwanza anakumbuka nani alikuwa anakaaga chini yake.

Mikusu sita imeshatoka, ina majani mawili mawili. Misaula jana jioni bado. Nimemwagilia, nimerudishia majani makavu juu.